Calke na ukoo wa Harpur: cheo kwa wana, nyumba kwa mabinti

Ijumaa, Swarkestone

Tumetoka Leicester baada ya chai ya asubuhi, shangazi akiendesha, mimi nimeshika ramani na chupa ya chai ya tangawizi. Safari hii ya kwenda Calke, jumba la ukoo wa Harpur katika jimbo la Derbyshire, nimeitamani tangu nianze kusoma habari za mirathi ya koo kubwa za Uingereza. Shangazi, aliyeishi huku miaka mingi kama muuguzi, alikubali kwa sharti moja tu: nimwambie mapema ni nani waliozikwa wapi, maana hapendi kuingia kanisani kama mgeni asiyejua msiba ni wa nani.

Kituo chetu cha kwanza ni kanisa dogo la Mtakatifu James, Swarkestone, kandokando ya mto Trent, kusini ya mji wa Derby. Hapa ndipo ukoo wa Harpur ulipoanza kuonekana. Richard Harpur alikuwa jaji enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza, akafariki 1577. Amechongwa kwenye jiwe akiwa amelala chali na joho lake la ujaji, mikono imeunganishwa kifuani. Pembeni yake amelala mkewe, Jane Findern.

Nilisimama zaidi upande wa Jane. Sheria ilimpa Richard kazi na heshima, lakini sehemu kubwa ya ardhi ililetwa na mkewe, mrithi wa ukoo wa Findern ambao kijiji chao kiko karibu na hapa. Yaani kabla cheo hakijapatikana, mali ilikwisha kupita mikononi mwa mwanamke. Nikamwambia shangazi alikumbuke jina hilo, kwa sababu jambo hili litajirudia mpaka tumalize safari.

Mjukuu wa jaji huyo, Henry, alinunua Calke mwaka 1622 na mwaka 1626 akawa baroneti. Cheo chenyewe kilibuniwa na Mfalme James wa Kwanza mwaka 1611 kwa sababu hazina ilikuwa tupu na alihitaji kulipa askari wa Ulster, kaskazini mwa Ireland. Masharti ya mwanzo yalikuwa wazi: mwombaji awe na ardhi inayomwingizia angalau pauni 1,000 kwa mwaka, na alipe mshahara wa askari 30 kwa miaka mitatu, peni 8 kila mmoja kwa siku. Piga hesabu: 30 mara 8 ni peni 240, na wakati huo peni 240 ndiyo pauni moja. Pauni moja kwa siku, miaka mitatu, jumla pauni 1,095. Mabaroneti wengi mpaka leo hubeba mkono mwekundu wa Ulster katika nembo yao.

Baroneti huitwa Sir na mkewe Lady, lakini cheo hakimpi kiti katika Baraza la Malodi, baraza la juu la bunge la Uingereza. Na kwa kawaida hurithiwa na wanaume tu, mwana halali baada ya mwana halali. Wakikosekana, cheo huzimika.

“Na binti?” shangazi akauliza.

“Binti hapati, shangazi.”

“Hata nusu?”

Kwetu Waislamu binti hupata nusu ya fungu la kaka yake, na shangazi amebishania nusu hiyo maisha yake yote kwamba haitoshi. Kusikia kwamba hapa ilikuwa sifuri kabisa kulimkalia vibaya mpaka tulipofika kwenye nyumba ya wageni Ticknall, kijiji kilicho jirani na Calke.

Jumamosi, Calke

Siku ya kazi kubwa. Nyumba ya Calke haionekani ukiwa barabarani. Unapita lango la kijiji, unafuata njia ndefu yenye miti kando, unateremka, na ndipo inajitokeza bondeni, kubwa, ya mawe ya kijivu, kana kwamba imekaa chini makusudi isionwe. Watawa wa Kiagustino walikuwa na makao hapa tangu karne ya 12. Sir John Harpur, baroneti wa nne, ndiye aliyejenga hii ya sasa kati ya 1701 na 1704, akiizungushia ile ya zamani kuta mpya. Mkewe alikuwa Catherine Crewe, binti wa Lord Crewe. Jina hilo pia nalishika.

Ndani, nilichokitarajia sicho nilichokikuta. Katika majumba mengi ya mabwana wa Kiingereza dhahabu imesuguliwa ikang’aa. Hapa karatasi za ukutani zimebanduka na kujikunja, rangi imepasuka, na vyumba vimejaa vitu mpaka milangoni. National Trust, shirika linaloitunza, liliamua kuzuia kuoza lakini lisitengeneze kilichokwisha kuchakaa. Uamuzi huo nauunga mkono kwa moyo wote. Nyumba iliyofanywa mpya ingetuonyesha fedha za ukoo huu, ila isingetuonyesha tabia yake.

Na tabia ya ukoo huu ilikuwa kujitenga. Ilianza kuonekana wazi kwa Sir Henry, baroneti wa saba. Alikuwa mtu asiyependa kabisa kuonana na watu, na mwaka 1792 akafanya lililowashtua matajiri wa Derbyshire wote: alimwoa Nanette Hawkins, mtumishi wa ndani aliyekuwa akiwahudumia mabibi. Milango ya wenye vyeo ilifungwa, naye akaona afadhali. Miaka kadhaa baadaye, mwaka 1808, alichukua jina la Crewe, la yule Catherine wa zamani, akitumaini kulifufua lile taji la ulodi lililokuwa upande wa bibi huyo. Hakulipata. Mwaka 1819 alianguka kutoka kiti cha mbele cha gari lake la farasi, akafa. Mwana wa Nanette, George, ndiye aliyekuja kuwa baroneti wa nane na mbunge wa Derbyshire Kusini, mcha Mungu aliyelijenga upya kanisa dogo la bustanini.

Kwa hiyo kila baroneti aliyefuata baada ya hapo ni mzao wa mtumishi. Mimi ningeweka picha ya Nanette kwenye ukumbi wa kuingilia.

Ukumbi mkubwa wa kukaribishia wageni umejaa vichwa vya ng’ombe na kulungu ukutani, na makabati ya kioo yenye ndege waliokaushwa, safu juu ya safu. Nilisogeza uso mpaka kwenye kioo kimoja. Ndani kuna ndege wa majini wadogo wamesimamishwa juu ya mchanga halisi, na nyuma yao mtu amechora anga kwa brashi ya maji, mawingu mepesi yakielekea upande ule ule ndege wanakotazama. Aliyetengeneza kabati hili aliwapenda viumbe hawa hata kama alianza kwa kuwaua.

Wengi wao ni mali ya Sir Vauncey Harpur Crewe, baroneti wa kumi na wa mwisho, aliyezaliwa 1846 na kufariki 1924. Rafiki yake wa karibu kuliko wote hakuwa tajiri mwenzake bali mlinzi mkuu wa mawindo wake, Agathos Pegg. Husimuliwa kwamba wageni wakija nyumbani, Sir Vauncey aliwaacha na mkewe Isabel naye akatoweka msituni na Pegg. Na watoto wake, waliokaa naye chini ya paa moja, aliwaandikia barua badala ya kusema nao, mtumishi akawapelekea. Chumba alicholala utotoni bado kina kitanda chake cha chuma na ndege, ndege, ndege. Alipohama chumba hakukifuta, alikijaza vitu akakifunga. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya Calke: chumba kikichosha, kinafungwa. Jiko kubwa lilifungwa 1928 na limekaa hivyo hivyo, meko yake kama yalivyoachwa.

Shangazi alikaa jikoni muda mrefu kuliko pengine popote. Alinyooshea kidole meza ya katikati, mbao nene zilizolika upande mmoja. “Hapa palisimama mtu mmoja miaka,” akasema.

Kisha kitanda. Mwaka 1734 Lady Caroline Manners, binti wa Duke wa Rutland, aliolewa na Sir Henry, baroneti wa tano, na inaaminika Princess Anne, binti wa Mfalme George wa Pili, ndiye aliyempa zawadi ya mapazia ya kitanda ya hariri ya Kichina. Hayakupata kutundikwa ipasavyo. Yalikaa kwenye masanduku zaidi ya miaka 200 mpaka National Trust walipoikagua nyumba miaka ya 1980. Kwa kuwa jua halikuyagusa, rangi ni kana kwamba zilitiwa juzi: hariri ya buluu nzito nje, nyeupe ndani, imedariziwa joka, maua, majabali na watu. Mwangaza kule chumbani ni hafifu, unabidi usubiri macho yazoee. Ukitazama vigogo vya miti iliyodariziwa utaona vifundo vimeshonwa kwa nyuzi za manyoya ya tausi, na bado vinameta ukisogeza kichwa.

Katika nyumba ambayo wanaume kumi walibeba cheo mmoja baada ya mwingine, kitu kizuri kuliko vyote kiliingia na bibi harusi.

Tulimalizia bustanini. Kuna handaki la watunza bustani, lililochimbwa ili wapite na mikokoteni yao bila kuonekana na wenye nyumba. Kuna lingine la kupitishia bia kutoka mahali ilipopikwa hadi ghalani. Tuliyapita yote mawili. Shangazi hakusema kitu handakini, ila tulipotoka juani alinishika mkono, akaniuliza kama mtu aliyepita humo kila siku alipata kweli kuyaona yale maua kwa mbele.

Jumapili, Staunton Harold

Siku fupi. Ni mwendo mdogo kutoka Calke, ng’ambo ya bwawa la maji. Tulikuja kwa ajili ya baroneti wa ukoo mwingine, Sir Robert Shirley, kwa sababu sikutaka msomaji adhani wote walikuwa wa kujificha. Mwaka 1653, mfalme amekwisha kukatwa kichwa, na Oliver Cromwell, kiongozi wa upande wa bunge uliompindua, anatawala, Shirley alianza kujenga kanisa la mtindo uleule uliochukiwa na serikali mpya. Alifungwa, akafia kwenye ngome ya Mnara wa London mwaka 1656 akiwa na miaka 27. Juu ya mlango kuna maandishi ya mawe yasemayo kwamba sifa yake ya pekee ni kufanya mambo mema kabisa katika nyakati mbaya kabisa, na kuyatumaini katika nyakati za maafa makubwa.

Dari ya mbao imechorwa mawingu yanayozunguka. Nimeipiga picha lakini picha haikuitendea haki. Mchana tukarudi kupumzika.

Jumatatu, Ticknall

Leo tumetembea kijijini kwa miguu, maana bila Ticknall usingekuwa na Calke. Mabaroneti walikuwa wamiliki wa nyumba, mashamba na machimbo, na wanakijiji ndio wapangaji na vibarua. Chini ya ardhi kuna mawe ya chokaa. Mwaka 1802 ilikamilika njia ya reli iliyovutwa na farasi, kazi ya mhandisi Benjamin Outram, ikibeba chokaa kuelekea mfereji wa Ashby na kurudi na makaa ya mawe. Daraja lake la tao bado linavuka barabara kuu ya kijiji, magari yanapita chini yake. Na hapa pia kuna handaki: reli ilipofika kwenye njia ya kuingilia Calke ilipitishwa chini, ili gari la baroneti lisikutane na mikokoteni ya chokaa. Njia hiyo ilifungwa 1913. Machimbo sasa ni msitu na vidimbwi, na mahali palipokuwa na matanuri pameota majani.

Kando ya barabara yamesimama mabomba ya maji ya chuma yaliyowekwa zama za Sir Vauncey, mtu asiyetaka kusema na wanawe lakini akawafikiria wanakijiji wasiende mbali kuteka maji. Sina haja ya kulazimisha mambo hayo mawili yapatane. Magari ya mota aliyapiga marufuku katika eneo lake lote, na mgeni aliyekuja na gari aliliacha langoni akachukuliwa kwa farasi. Sigara nayo ilikuwa mwiko: yasemwa binti yake Airmyne alifukuzwa nyumbani kwa kuvuta.

Mwanawe wa pekee, Richard, alifariki 1921. Sir Vauncey akafuata 1924, akiacha mabinti wanne. Cheo cha tangu 1626 kilizimika siku hiyo hiyo, kwa sababu hakuna aliyekuwa na jinsia iliyotakiwa.

Lakini nyumba haikuzimika. Binti mkubwa, Hilda, aliyekuwa ameolewa na Kanali Godfrey Mosley, aliirithi pamoja na kodi ya mirathi. Akauza sehemu ya mikusanyo ya baba yake, ndege, mayai na vipepeo, akalipa, akaendelea kuishi humo. Angeweza kuuza yote akahamia pahali penye joto. Kwa miaka 25 alibana matumizi, akafunga vyumba zaidi, na akalinda hata vile asivyovitumia. Hariri ya Lady Caroline ilikuwa kwenye sanduku muda wote huo.

Alifariki 1949 bila mtoto, na nyumba ikaenda kwa Charles Jenney, mtoto wa dada yake Frances, ambaye alichukua jina la Harpur-Crewe. Umeme uliingia 1962. Charles alifariki ghafla 1981, naye ndugu yake Henry akakuta deni la kodi la takriban pauni milioni 8, riba yake peke yake zaidi ya pauni 1,000 kwa siku. Henry hakutaka kuipiga mnada. Baada ya mazungumzo marefu na kelele za watu waliopenda urithi, Waziri wa Fedha Nigel Lawson alitangaza katika bajeti ya Machi 1984 fedha za kuiokoa, na 1985 ikakabidhiwa National Trust, mfano wa wakfu: haiuzwi, hairithiwi, inatunzwa. Wageni walifunguliwa milango 1989.

Jioni, mezani, shangazi alilitaja jambo ambalo nilikuwa nikilizunguka siku zote hizi. “Huyo Hilda,” akasema, “angekuwa mwanamume wangemwita Sir. Na wale wa kiume waliofuata nao walipita kwa mama yao.” Ni kweli. Charles na Henry walikuwa na haki ya Calke kupitia Frances peke yake. Tukabishana kidogo kuhusu Frances, kama aliwahi kuitamani nyumba kwa nafsi yake. Shangazi anaamini aliitamani. Mimi nahisi, baada ya baba wa namna ile, huenda alishukuru kuolewa akaondoka.

Jumanne, Longnor na Warslow

Tumeamka mapema tukaendesha kaskazini-magharibi, tukaacha mashamba ya tambarare tukapanda nyanda za juu zenye kuta za mawe, upande wa Staffordshire. Wengi wakizuru Calke hawafiki huku, na naona ni hasara, kwa sababu ardhi ya Harpur Crewe ilikuwa pana hadi hapa: mashamba ya kondoo na ng’ombe yenye upepo mkali, wapangaji ambao pengine hawakumwona baroneti mwaka mzima. Warslow kuna jumba la mawe alilojengewa Sir George, mwana wa Nanette, la kufikia wakati wa kuwinda.

Longnor ndipo nilipoona cheo kinavyoonekana kwa anayekilipia. Jumba la soko lilijengwa 1873, na juu ya mlango wake bado lipo bango la ushuru la 1903, enzi za Sir Vauncey akiwa bwana wa eneo. Limeorodhesha wanyama na bidhaa, kila kimoja na peni zake, likitaja wakati gani anayelipa ni muuzaji na wakati gani ni mnunuzi. Nililisoma mstari kwa mstari nikiwa nimeinua shingo. Kule Calke nilikuwa nimeona kilichonunuliwa. Hapa mkulima aliyetembea na ng’ombe wake tangu alfajiri alitoa peni ile kabla hajapata mteja wa pili.

Sehemu hii ya mali ilichukuliwa na serikali badala ya kodi ile ya 1981, na mwaka 1986 ikawa chini ya mamlaka ya hifadhi ya taifa ya Peak District. Wakulima bado wapo na mipaka ya mawe bado inatengenezwa kwa mkono, jiwe juu ya jiwe bila saruji.

Chakula cha mchana tulitafuta kwenye uwanja wa soko. Baa ya hapo inaitwa Crewe and Harpur Arms. Shangazi alisimama chini ya kibao akauliza Crewe ni yupi kati yao, nikamkumbusha: ni Catherine, aliyeolewa na Sir John mjenzi. “Basi wamemtanguliza,” akasema, akaingia kuulizia kama wana supu.